Fundi wa Umeme Anayehama Jimbo: Namna ya Kupata Leseni Katika Marekani

Somo la watu wazima kama lilivyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa alisome kwanza polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu, kila mmoja fungu moja.

Kaeni vizuri. Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aishike, maana leo mna hesabu kidogo ndani ya somo.

Leo tutazungumza habari za leseni ya fundi wa umeme katika nchi ya Marekani. Pengine mtu atauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu. Watu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, wanaishi huko siku hizi. Baadhi yao wameshika kazi ya umeme, ambayo wengine huiita kazi ya stima. Huenda mmoja wao ni mwanao, au mdogo wako, au jirani yako uliyekua naye. Yafaa ujue shida inayoweza kumpata, upate kumpa shauri jema anapokuandikia.

Shida yenyewe ni hii. Fundi amejifunza kazi miaka minne katika jimbo moja. Ameshinda mtihani, amepewa leseni. Kisha anahama na mkewe na watoto kwenda jimbo jingine, labda kwa sababu ya kazi, labda kwa sababu ya nduguze. Akifika huko anaambiwa, "Leseni yako haina nguvu hapa." Nchi ni ile ile, bendera ni ile ile, fedha ni ile ile. Lakini leseni haikuvuka mpaka pamoja naye.

Kwa nini iwe hivyo?

Hapa kwetu mambo ni mengine. Katika Kenya, leseni ya fundi wa umeme hutolewa na mamlaka moja, iitwayo EPRA. Mwenye leseni hiyo aweza kufanya kazi Mombasa, na kesho Kisumu, bila kuomba leseni nyingine. Katika Tanzania Bara, kazi hiyo ni ya EWURA. Fundi wa Tanga aweza kwenda Mbeya na leseni yake mfukoni.

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na sheria zake. Mwaka 1791 nchi hiyo iliongeza katika katiba yake kifungu cha kumi cha nyongeza. Kifungu hicho chasema kwamba mamlaka ambayo katiba haikuipa serikali kuu, wala haikuyakataza majimbo, hubaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kutoa leseni za kazi ni katika mambo hayo. Mwaka 1889 mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya tabibu mmoja aitwaye Dent, wa jimbo la West Virginia, aliyefanya kazi ya uganga bila cheti kilichotakiwa na jimbo. Mahakama ilisema kwamba jimbo lina haki ya kuweka masharti ya kazi ili kuwalinda watu wake. Basi tangu zamani hizo neno hilo limesimama.

Kwa hiyo hakuna leseni moja ya fundi wa umeme kwa Marekani nzima. Jimbo la Texas lina yake, na jimbo la Massachusetts lina yake. Tena yako majimbo ambayo hayatoi leseni ya fundi kabisa, bali yameiachia miji. Pennsylvania, Illinois na New York ni mifano. Huko fundi hana budi kuuliza katika mji wenyewe atakaofanyia kazi. Mji wa New York una leseni yake, na mji wa Chicago una sheria zake za umeme. Katika Chicago, nyaya za nyumba hutakiwa kupita ndani ya paipu za chuma. Fundi aliyezoea kupitisha waya wenye ganda la plastiki ndani ya ukuta wa mbao lazima ajifunze kupinda paipu.

Ngazi za kazi

Sasa tutazame ngazi za kazi hiyo. Majina hutofautiana kidogo, lakini kwa kawaida ziko nne.

Ngazi ya kwanza ni mwanagenzi. Huyu anajifunza, na hafanyi kazi peke yake. Ngazi ya pili ni fundi aliyehitimu, ambaye huko huitwa jenimani. Ngazi ya tatu ni fundi mkuu. Huyu aweza kupanga kazi na kuwasimamia wengine. Ya nne ni kontrakta, yaani mwenye leseni ya biashara, anayepatana na mwenye nyumba, anayelipa bima na kuajiri mafundi. Leseni ya fundi si leseni ya kontrakta. Msichanganye mambo hayo mawili.

Mwanagenzi hupimwa kwa saa za kazi. Katika majimbo mengi, anayetaka kuwa jenimani hutakiwa awe na saa 8,000. Tufanye hesabu. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa juma, kwa majuma 50, atapata saa 2,000 kwa mwaka. Gawanya 8,000 kwa 2,000. Jibu ni 4. Basi ni miaka minne ya jasho.

Katika Texas, jenimani hutakiwa awe na saa 8,000 alizofanya chini ya fundi mkuu. Anayetaka kuwa fundi mkuu hutakiwa awe na saa 12,000, na awe amekuwa na leseni ya jenimani kwa miaka miwili. Katika Massachusetts, jenimani hutakiwa awe na saa 8,000 za kazi, na juu yake saa 600 za kusoma darasani. Mmeona? Saa za kazi ni sawasawa, lakini masharti ya darasani si sawa kila mahali. Mtu aliyetoka mahali pasipotaka masomo mengi aweza kupungukiwa na saa za darasa, hata kama mikono yake ni hodari.

Milango mitatu

Fundi mwenye leseni anapohamia jimbo jingine, kuna milango mitatu ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni mapatano ya majimbo. Majimbo mengine yamekubaliana kupokeana leseni. Massachusetts na New Hampshire yana mapatano ya namna hiyo. Vivyo hivyo Washington na Oregon kwa leseni ya jenimani. Fundi hupeleka maombi, hulipa ada, huonyesha leseni yake, na hupewa nyingine bila kufanya mtihani upya. Lakini mapatano hayo yana masharti. Kwa kawaida leseni ya kwanza iwe imepatikana kwa kushinda mtihani. Mara nyingi hutakiwa iwe imekaa mkononi mwaka mmoja au zaidi, na mwenye leseni asiwe na kesi. Tena mapatano ya jenimani si lazima yawe ya fundi mkuu pia. Jimbo laweza kumpokea jenimani kwa moyo mweupe, na fundi mkuu likamwambia afanye mtihani.

Sikilizeni jambo jingine hapa, maana limewakwaza wengi. Tuseme fundi alipata leseni kwa mtihani katika jimbo la kwanza. Akahamia la pili, akapewa leseni kwa mapatano. Sasa anataka kwenda jimbo la tatu. Jimbo la tatu laweza kumwambia, "Leseni uliyoipata kwa mapatano hatuipokei. Tunataka ile uliyoipata kwa mtihani." Kwa hiyo asiiache leseni ya kwanza ife. Aendelee kuilipia. Hiyo ndiyo mama wa leseni zake zote.

Mlango wa pili ni sheria ya kutambua leseni za majimbo mengine. Mwaka 2019 jimbo la Arizona lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya namna hiyo kwa kazi nyingi kwa pamoja. Mtu aliyekuja kukaa huko, mwenye leseni ya jimbo jingine kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, na asiye na doa, aweza kutambuliwa bila kuanza upya. Baadaye majimbo mengine yalifuata, kila moja kwa namna yake. Tena, tangu Januari 2023, kuna sheria ya serikali kuu inayowasaidia askari na wake au waume zao wanapohamishwa kwa amri ya jeshi. Anayehusika na jeshi asisahau kuuliza habari hiyo.

Mlango wa tatu ni mtihani. Mahali pasipo mapatano wala sheria ya kutambua, hapana njia nyingine. Jimbo la California, kwa mfano, halina mapatano na jimbo lo lote kwa cheti cha fundi wa umeme. Fundi wa miaka ishirini kutoka jimbo jingine huonyesha saa zake 8,000, kisha hukaa mezani na kufanya mtihani kama kijana. Alama za kushinda huko ni 70 kwa 100.

Yafaa achague mlango kwanza, kabla ya kugonga. Yako mapatano yanayomkataa mtu aliyekwisha kushindwa mtihani wa jimbo analoliomba. Mtu akikimbilia mtihani bila kuuliza, akashindwa, huenda amejifungia mlango wa mapatano kwa mkono wake.

Kitabu cha kanuni

Mtihani wenyewe hutoka zaidi katika kitabu kimoja kikubwa cha kanuni za umeme. Kitabu hicho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1897, na siku hizi hutolewa na chama cha kuzuia moto kiitwacho NFPA. Kila miaka mitatu hutengenezwa upya. Kuna toleo la 2020, la 2023 na la 2026. Lakini kila jimbo huamua lenyewe litatumia toleo gani, na kuongeza kanuni zake. Basi fundi aulize, "Mtihani wenu ni wa toleo lipi?" Asinunue kitabu kabla ya kupata jibu, maana ni ghali.

Mahali pengi mtu huruhusiwa kuingia katika mtihani na kitabu hicho. Msidhani kwamba ni rahisi kwa sababu hiyo. Muda ni mfupi na maswali ni mengi. Anayefunua kurasa ovyo atasikia kengele hali yuko nusu ya safari. Mazoezi yake yawe ni kutafuta: aulizwe swali, aone ukurasa wa jibu kwa dakika mbili au tatu. Kujua kusoma ni chombo cha kazi, sawasawa na koleo na bisibisi. Ninyi mnaojifunza kusoma leo mwajua maana ya neno hili kuliko wengine.

Karatasi ndizo ushahidi

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mpige mstari chini ya maneno.

Saa za kazi haziaminiwi kwa mdomo. Ofisi ya leseni hutaka barua au fomu yenye sahihi ya fundi mkuu au mwajiri, isemayo kwamba mtu huyu alifanya kazi hapa, kutoka tarehe hii mpaka tarehe hii, kwa saa kadhaa. Je, kama mwajiri amekufa? Kama kampuni imefungwa? Kama waligombana, na mwajiri hataki kuandika? Hapo ndipo saa zinapopotea.

Tufanye hesabu nyingine. Mwanagenzi amefanya kazi miaka mitatu. Ana saa 6,000. Anahama. Akiwa na karatasi, na jimbo jipya likazikubali, amebakiza saa 2,000, yaani mwaka mmoja. Asipokuwa na karatasi, aweza kuambiwa aanze tangu mwanzo, saa 8,000, yaani miaka minne. Tofauti ni miaka mitatu ya mshahara wa mwanagenzi, na mshahara wa mwanagenzi ni mdogo kuliko wa fundi. Fikirini ni ada ngapi za shule za watoto, na kodi ngapi za nyumba, ndani ya miaka hiyo mitatu. Zote zaweza kutegemea sahihi moja ambayo mtu hakuiomba siku alipoacha kazi.

Kwa hiyo mwanagenzi afanye mambo haya. Kila juma aandike katika daftari saa zake, mahali alipofanya kazi, na kazi aliyoifanya: kuvuta nyaya, kufunga swichi, kufunga meni swichi, na kadhalika. Kila mwaka, au kila anapoacha mwajiri, aombe sahihi papo hapo, wakati wangali wanapeana mikono. Atunze karatasi za mshahara na za kodi, kwa maana zaonyesha aliajiriwa na nani. Atunze vyeti vya darasa na matokeo ya mtihani. Tena aweke nakala mahali pengine, nyumba isije ikaungua pamoja na miaka yake.

Kabla ya kuhama, aandikie ofisi ya jimbo jipya na kuuliza masharti. Kisha aombe ofisi ya jimbo la zamani barua ya kuthibitisha leseni yake. Mara nyingi barua hiyo hutakiwa itoke ofisi hata ofisi, isipitie mkononi mwake. Jambo hilo huchukua siku, kwa hiyo asingoje mpaka mizigo iko mlangoni.

Na akisha kufika, asifanye kazi ya fundi kabla ya kupata kibali. Rafiki atamwambia, "Njoo tu, hakuna atakayejua." Akikamatwa atatozwa faini, na ombi lake laweza kukataliwa. Nyumba ikiungua, bima yaweza kukataa kulipa. Hata saa alizofanya bila kibali zaweza zisihesabiwe. Majimbo mengine hutoa kibali cha muda, mengine humwandikisha kama mwanagenzi akingoja leseni. Aulize lipi laruhusiwa.

Aliyetoka kwetu

Neno la mwisho ni kwa fundi aliyejifunza kazi Afrika Mashariki. Leseni ya EPRA au ya EWURA haigeuki kuwa leseni ya jimbo la Marekani. Lakini vyeti na barua za waajiri wa huku asivitupe. Kila jimbo lina uamuzi wake juu ya saa zilizofanywa nchi za nje. Barua ikiwa kwa Kiswahili, itafsiriwe na mtu anayekubaliwa na ofisi.

Lakini hata akikubaliwa, mikono yake haina budi kujifunza upya jambo moja, nalo ni rangi za nyaya. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofuata desturi ya Waingereza, waya mwekundu ni wa moto, mweusi ni nyutro, na wa kijani ni ethi. Katika desturi mpya, wa kahawia ni wa moto, wa buluu ni nyutro, na wa kijani na manjano ni ethi. Marekani si hivyo. Huko waya mweusi kwa kawaida ni wa moto! Nyutro ni mweupe au wa kijivu. Waya wa buluu pia waweza kuwa wa moto. Ethi ni wa kijani, au shaba tupu isiyo na ganda.

Fikirini basi fundi hodari wa Nairobi au Dar es Salaam, amechoka, anafungua sanduku la umeme, anashika waya mweusi akidhani ni nyutro. Nguvu ya umeme huko ni volti 120 kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, na 240 kwa mashine kubwa kama jiko. Huku kwetu ni volti 230 au 240. Wengine husema, "Mia na ishirini si kitu." Huo ni upuuzi. Volti 120 huua mtu. Fundi azime kwanza, apime kwa kipimo, ndipo aguse. Rangi isimwongoze peke yake, hata awe na miaka thelathini kazini.

Mmeona sasa kwa nini jimbo lataka kumjua mtu kabla ya kumpa leseni. Masharti mengine huchosha, na Wamarekani wenyewe hubishana kama yote yana haja. Lakini mwenye nyumba anayelala na watoto wake hawezi kuona nyaya zilizo ndani ya ukuta. Leseni ndiyo neno la serikali kumwambia kwamba aliyezifunga alijua alichofanya.

Tena jihadharini na wadanganyifu. Hakuna mtu awezaye kuuza leseni halali barabarani au kwa simu. Leseni hutolewa na ofisi ya jimbo au ya mji tu. Ofisi nyingi zina orodha katika intaneti, na mtu ye yote aweza kuandika jina la fundi na kuona kama leseni yake i hai au imekwisha. Leseni ya bandia hujulikana kwa dakika moja.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumefika mwisho. Kwaherini, na mwalimu wenu ataendelea na maswali.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini hakuna leseni moja ya fundi wa umeme kwa Marekani nzima?
2. Taja milango mitatu ya fundi anayehamia jimbo jipya.
3. Kwa nini fundi asiiache leseni yake ya kwanza ife?
4. Katika kazi yako wewe, ni karatasi gani ambazo ungepaswa kuzitunza? Ziko wapi sasa?

Hesabu

1. Mwanagenzi ana saa 5,200. Amebakiza saa ngapi kufika 8,000? Akifanya saa 40 kwa juma, ni majuma mangapi?
2. Jenimani wa Texas ana saa 8,000. Amebakiza saa ngapi kufika zile za fundi mkuu? Kwa saa 2,000 kila mwaka, ni miaka mingapi?

Majibu ya hesabu: La kwanza, saa 2,800, majuma 70. La pili, saa 4,000, miaka 2.